Kofia imependeza, sura iko wapi?

Na Mwandishi Wetu

NI Jumapili, saa tisa na nusu alasiri, ufukwe wa Coco, Oysterbay, Dar es Salaam. Msichana mwenye gauni la njano amesimama mchangani, mkono mmoja kiunoni, wa pili umeshika ukingo wa kofia pana ya ukindu isije ikachukuliwa na upepo. Leo ni siku yake ya kuzaliwa. Wenzake wamekaa pembeni na mihogo yao ya kukaanga, wanamtania abadili pozi. Mpiga picha, kijana mwenye kamera shingoni na begi mgongoni, anabonyeza, anarudi nyuma hatua mbili, anabonyeza tena.

Kisha anasogea amwonyeshe. Msichana anakinga kioo cha kamera kwa kiganja apate kuona. Gauni limetoka. Bahari imetoka. Kofia nayo imetoka vizuri mno, unaweza kuhesabu mishono ya ukili wake. Sura haipo. Kuanzia kwenye paji hadi mdomo wa juu ni giza tupu, halafu kidevu kinang'aa peke yake juani.

Kijana anamtuliza. Asiwe na wasiwasi, atamrekebisha kwenye kompyuta.

Kauli hiyo utaisikia kila wikiendi kuanzia Coco hadi Kigamboni, na ndiyo inayowagawa wapiga picha wa nje wa jiji hili. Wapo wanaoamini picha hutengenezwa palepale mchangani kwa kipande cha kitu cheupe. Wapo wanaosema bila flashi unajidanganya. Na wapo, wengi kuliko wanavyokubali, wanaopiga vyovyote na kuiachia kompyuta ihangaike. Aliyevaa kofia analipa bila kujua ameangukia kambi gani.

Jua la utosini

Tuanze na hesabu, maana ugomvi huu una hesabu ndani yake.

Ukingo wa kofia ya kawaida ya ufukweni hutokeza mbele kama sentimita 8. Za mitindo hufika 12 na kupita. Tuchukue hiyo ya sentimita 8. Jua likiwa juu kwa nyuzi 60, kivuli cha ukingo hushuka usoni karibu sentimita 14, yaani kutoka katikati ya paji hadi midomoni. Likishuka hadi nyuzi 45, kivuli nacho ni sentimita 8, kinaishia puani. Likifika nyuzi 20, kivuli ni sentimita 3 tu, na macho yako huru.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya pili ya Oktoba, jua hupita juu ya utosi kabisa, na mlingoti ukiusimamisha wima saa sita na ushei hauna kivuli. Katika miezi hiyo jua huwa nyuzi 60 baada ya saa nane mchana, nyuzi 45 kati ya saa tisa na saa tisa na nusu, na nyuzi 20 mnamo saa kumi na moja jioni. Msichana wa gauni la njano alikuja saa tisa na nusu na kofia ya ukingo mpana. Hesabu ilishamhukumu kabla kamera haijatolewa kwenye begi.

Vitabu na video za kufundisha upigaji picha, ambazo nyingi zimetoka Ulaya na Marekani, zina jibu rahisi: subiri mwanga wa dhahabu wa jioni. Ushauri huo ni mzuri kwa wenyewe. London mwezi Juni jua hushuka likiwa limelala upande, na kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuzama huchukua karibu dakika 50. Hapa kwetu jua huanguka wima. Safari hiyohiyo inamalizika kwa dakika 25 hivi. Ukipoteza kumi kutafuta mahali pa kusimama na tano kubadili nguo, umebaki na nini?

> London mwanga wa dhahabu wa Juni hukaa karibu dakika 50. Dar es Salaam ni dakika 25 hivi, na foleni ya wateja ni ileile.

Ndiyo maana Jumamosi na Jumapili kuanzia saa kumi na moja na nusu ufukwe hugeuka soko. Maharusi, wahitimu waliovaa majoho, wanaosherehekea siku ya kuzaliwa, wanamitindo wanaotafuta picha za kuwapelekea mawakala, wote wanataka robo saa ileile. Mpiga picha asiyeweza kufanya kazi saa tisa atahudumia wateja wawili, watatu akikimbia. Anayeweza atakuwa ameshamaliza wanne kabla wenzake hawajafungua begi. Kwa hiyo kivuli cha kofia ni suala la mkate pia.

Mahali nako kuna siri yake. Ufukwe wa Coco unatazama mashariki. Jioni jua linazama nyuma ya mji, na mtu anayetaka bahari nyuma yake analipokea jua moja kwa moja usoni. Kivuli cha kofia kitapungua, lakini atakunja uso na kufumba macho. Vuka bahari uende Forodhani, Unguja, mambo ni kinyume chake. Mji Mkongwe uko upande wa magharibi wa kisiwa, jua linazamia majini, na mwenye kofia akiwa na bahari nyuma yake anabaki kivulini uso mzima, huku ukingo wa kofia ukiwaka kwa mwanga wa nyuma. Ni picha nzuri kuliko ile ya kwanza, ila uwe na kitu cha kumrudishia mwanga usoni. Mtu anayefanya kazi kwa kanuni moja pande zote mbili ataumbuka upande mmoja.

Ua wa Bamako

Tatizo hili si la jana. Pwani yetu ina wapiga picha wa kulipwa tangu karne ya 19. Studio ya A. C. Gomes, Mgoa aliyeweka kazi yake Unguja, ilikuwa na jina kabla ya mwaka 1900. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini humo humo, na mwanawe akaja kuiendeleza. Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wapiga picha wa kivukoni Likoni walisimamisha vibanda vyenye mapazia ya kuchorwa, wakawapiga wasafiri na wafanyakazi waliotaka kutuma sura zao nyumbani.

Lakini somo lililo wazi kuliko yote juu ya mwanga mwepesi limetoka Mali. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948. Tunaita studio, ila picha nyingi alizipigia uani, kwa mwanga wa mchana, akitundika nyuma ya mteja kitambaa chenye maua. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake mwenyewe. Alikuwa na suti, tai, viatu, saa, redio na kofia za kuazima wateja. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida mteja alipigwa mara moja tu na kwenda zake. Picha hizo zilipoonyeshwa Paris mwaka 1994 katika jumba la Fondation Cartier, ulimwengu ulishangaa.

Mimi hushangaa jambo lingine. Keïta hakuwa na kompyuta ya kumrekebishia mtu baadaye. Kofia ya mteja ikimtia giza, angeona palepale, na njia aliyokuwa nayo ni kuisukuma nyuma kidogo, kumgeuza mtu au kumsogeza karibu na ukuta. Ua una kuta, na ukuta uliopakwa rangi nyeupe ni taa isiyolipiwa umeme. Anayepiga picha Mji Mkongwe leo, kati ya kuta za chokaa, ana taa hiyohiyo. Ajabu ni kwamba wengi huwapitisha wateja vichochoro vyote hivyo vyenye mwanga laini, wakawasimamishe uwanjani kwenye jua kwa sababu huko ndiko kunakoonekana bahari.

Watu wa boksi jeupe

Kambi ya kwanza haina vifaa vya kujivunia. Silaha yao wenyewe huiita rifleta, na rifleta ya dukani ni duara la kitambaa linalokunjika, jeupe upande mmoja, la fedha au dhahabu upande wa pili. Wasio nayo wanatumia ubao mweupe wa boksi la televisheni, shuka jeupe, au kile kizuia jua cha fedha kinachowekwa kwenye kioo cha mbele cha gari. Vyote hufanya kazi, na macho ya mteja hayajui bei.

Hoja yao ni nzito. Unachokiona ndicho utakachokipata. Hakuna betri wala waya. Rangi ya ngozi inabaki ya mtu mwenyewe kwa kuwa mwanga ni uleule wa jua, umegeuzwa njia tu. Na mteja anakuwa mtulivu, maana hakuna kinachomlipukia usoni.

Utaratibu wao, nilivyoutazama, ni huu. Mteja anageuziwa jua mgongo. Sasa kofia inapata mstari wa mwanga pembeni, na kama ni ya ukindu uliosukwa wazi, jua linapenya kwenye matundu yake. Uso wote uko kivulini, lakini kivuli kimoja, bila ule mpaka wa giza na mwanga unaokata pua. Msaidizi anasimama mbele kidogo, upande wa kushoto au kulia, ameshika boksi kati ya kifua na usawa wa macho. Analiinamisha taratibu mpaka uone mwanga unapanda shavuni, unaingia chini ya ukingo wa kofia, na nukta nyeupe inatokea kwenye mboni. Hapo anaambiwa asitikisike.

Nukta hiyo ndiyo picha. Jicho lisilo na nukta ya mwanga, hata liwe zuri namna gani, huonekana limelala.

> Kabla ya kubonyeza, tazama mboni. Kama hakuna nukta ya mwanga, sogeza boksi, usisogeze kamera.

Wanakosea wapi? Wengi hulilaza boksi chini kabisa, karibu na magoti, na mwanga ukitoka chini humfanya mtu aonekane ameketi mbele ya moto usiku anasimulia mashetani. Upande wa fedha nao saa nane mchana ni adhabu. Mteja anatokwa machozi, poda inachirizika. Upande mweupe unatosha. Halafu kuna rangi. Nyasi hurudisha kijani chini ya kidevu, na udongo mwekundu wa Dodoma au Singida hurudisha wekundu wake. Mchanga mweupe wa pwani ndio wa bure na wa haki kuliko yote. Mtu akikaa chini mchangani badala ya kusimama, nusu ya kazi ya rifleta imeshafanyika bila msaidizi.

Adui mkubwa wa kambi hii ni upepo. Kaskazi ikivuma, duara lile la kitambaa linamvuta msaidizi mpaka majini. Na jua likifichwa na wingu, hakuna cha kugeuza, mnakaa mnasubiri.

Wanaonunua saa

Kambi ya flashi haibishani kuhusu urembo. Inabishana kuhusu saa. Mwenye flashi moja, stendi na mwavuli mweupe anaweza kuanza saa nane mchana na kumaliza usiku. Kwake zile dakika 25 ni nyongeza.

Shida ni kwamba jua la saa nane lina nguvu, na flashi ndogo ya betri nne si mwenzake. Kamera nyingi zinakubali flashi kwa kasi ya shata isiyozidi 1/200 au 1/250 ya sekunde. Kwenye jua kali, kwa kasi hiyo na ISO 100, tundu la lenzi linabanwa hadi karibu f/11. Flashi ndogo isiyofunikwa, ikiwa mita 2 kutoka kwa mtu, inaifikia namba hiyo. Ukiipitisha kwenye mwavuli ili mwanga uwe laini, zaidi ya nusu ya nguvu inapotea njiani. Dawa yake ni kuisogeza. Flashi ikitoka mita 2 ikaja mita 1, mwanga unaomfikia mtu huwa mara 4. Wapiga picha wachanga huogopa kusogeza stendi kwa kuwa inaingia kwenye picha. Waisogeze hadi iguse ukingo wa picha, warudi nyuma sentimita chache, basi.

Sasa lipo jambo ambalo hata wakongwe hulisahau mteja anapovaa kofia. Mafunzo yote husema taa iwekwe juu ya kichwa, pembeni, ielekee chini, ili kivuli cha pua kishuke vizuri shavuni. Kwa mtu kichwa wazi, sawa. Kwa mwenye pama au kofia ya ukindu, taa hiyo ya juu ni jua la pili. Ukingo unaizuia vilevile unavyolizuia la kwanza, na unapata vivuli viwili badala ya kimoja. Taa ya mwenye kofia hukaa usawa wa macho, au juu yake kidogo tu, mahali ambapo ukisimama palipo balbu unaweza kuyaona macho ya mteja chini ya ukingo. Kama balbu haiyaoni macho, mwanga hauyafikii. Kipimo hicho hakihitaji kifaa.

Flashi iliyochomekwa juu ya kamera ni habari nyingine. Inaondoa kivuli, kweli, ila inaondoa pia mashavu, pua na kila kilichoumbika. Kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, kila tone la jasho kwenye paji linawaka. Heri leso na poda kabla ya kila pozi, na flashi ishushwe kwenye kamera ishikwe pembeni kwa mkono.

Watu wa boksi jeupe wanawajibu wenzao kwamba flashi inaua hali ya mahali. Unaona mtu ameangazwa vizuri, nyuma yake mbingu imekolea kuliko ilivyokuwa, na picha inanukia tangazo la sabuni. Ni kweli kwa wanaowasha nguvu zote. Flashi ikiwekwa nguvu ndogo, ikajaza tu palipopungua, mtazamaji hajui kama ilikuwepo. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye ufundi, na bahati mbaya ndipo pasiposifiwa, kwa sababu kazi isiyoonekana haivuti wafuasi mtandaoni.

Kuna na usumbufu wa kawaida. Mwavuli kwenye upepo unahitaji mfuko wa mchanga au mtu wa kuushikilia. Na ukisimamisha stendi mahali pa watu wengi, huenda ukaulizwa kibali kabla hujawasha.

Mkorogo wa kompyuta

Turudi kwa ile ahadi ya kurekebisha baadaye. Wenyewe wana hoja, tusiwazushie. Kamera za sasa huhifadhi mengi ndani ya giza. Faili ghafi ambalo halijabanwa linaweza kuinuliwa kwenye vivuli na sura ikarudi, ikiwa mpiga picha hakuwa mzembe sana.

Lakini inarudi sura gani? Uso ulio kivulini kwenye siku yenye jua hauangazwi na jua, unaangazwa na anga, na anga ni ya buluu. Ukiuinua kwenye kompyuta, unainua na buluu yake. Ngozi ya maji ya kunde inapauka, nyeusi inageuka rangi ya majivu. Mhariri akiona hivyo anaongeza wekundu, halafu anaongeza weupe kufuta wekundu, halafu analainisha kila kitu. Anayetoka hapo si yule aliyesimama ufukweni. Huo ni mkorogo, tofauti ni kwamba haupakwi kwa vidole. Na nukta ya mwanga jichoni haikuwepo, kwa hiyo hakuna cha kuinua.

> Kivuli cha kofia hujazwa palepale mchangani. Ukikifuta baadaye, unafuta na rangi ya mtu.

Jambo hili lina historia inayouma. Kwa miongo mingi filamu za rangi na mashine za kuzisafishia zilipangwa kwa kulinganisha na kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kodak ndiyo iliyozisambaza, na mafundi waliziita kadi za Shirley. Ngozi nyeusi ikitoka giza, kosa liliangukia ngozi. Mwaka 1977 mtengeneza filamu Jean-Luc Godard, alipoalikwa Msumbiji, alizikataa filamu za Kodak kwa sababu hiyo. Na mabadiliko yalipoanza, miongoni mwa waliosukuma walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani. Kadi yenye watu wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990.

Kamera ya leo haitumii kadi hiyo, ila tabia ya kubahatisha haijaitoka. Kipima mwanga cha ndani hudhani kila kinachotazamwa kina wastani wa kijivu cha kati, kile kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Kikiona kofia nyeupe ya ukindu imejaa kwenye picha, kinapunguza mwanga, na uso uliokwishakuwa kivulini unazama zaidi. Tofauti kati ya kofia juani na uso chini yake inaweza kufika mara 8. Hakuna mpangilio wa kamera utakaoviridhisha vyote viwili. Ndiyo maana watu wa boksi na watu wa flashi, pamoja na ugomvi wao, wako upande mmoja katika hili: punguza tofauti kwanza, ndipo upime, na upimie shavuni.

Simu zimejaribu kulitibu. Google mwaka 2021 ilitoa kwenye Pixel 6 utaratibu ilioutangaza kwa jina la Real Tone, wa kutunza rangi za ngozi nyeusi. Mwaka uliofuata ikaanza kutumia kipimo cha rangi 10 za ngozi kilichobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk. Ni hatua. Hata hivyo jaribu kumpiga mtu mwenye kofia ya ukindu kwa ile hali ya simu inayofifisha nyuma. Simu haijui kofia inaishia wapi. Itakata nyuzi zilizochomoza ukingoni, itafifisha kipande cha kofia na kuacha kipande cha bahari kimekolea. Kwa kofia yenye ukingo safi inajitahidi. Kwa iliyosukwa inashindwa.

Mwenye kofia naye

Katika malumbano yote haya, anayesahaulika ni aliyeivaa. Si kila mtu huvaa kofia kwa pozi. Mmoja hajasuka nywele wiki hiyo. Mwingine jua linamuumiza kichwa. Mwingine kofia ni heshima yake, na kumwambia aivue ni kumkosea adabu. Mpiga picha anayeanza kwa kusema vua kofia ameshakiri kwamba kazi imemshinda.

Kofia inaruhusu marekebisho madogo. Ikisukumwa nyuma kwa vidole viwili, ukingo unapanda na kivuli kinapungua, wala mtazamaji hahisi. Kidevu kikiinuliwa kidogo, hivyohivyo. Ikiinamishwa upande, jicho moja linaingia kivulini na la pili linabaki kwenye mwanga, na hapo kivuli kinakuwa sehemu ya picha. Sikatai kivuli. Nakataa kivuli ambacho mpiga picha hakukiona hadi alipofika nyumbani. Hata yale madoa ya jua yanayopenya kwenye ukindu na kutua mashavuni yanaweza kuwa pambo, kama yamepangwa. Doa moja likitua kwenye mboni, pambo limeisha.

Kofia zetu za pwani, zile za vito zinazovaliwa na kanzu, zina mtihani wa namna yake. Hazina ukingo, kwa hiyo kivuli si tatizo. Tatizo ni weupe. Kofia nyeupe, kanzu nyeupe, ukuta wa chokaa nyuma, na katikati uso mweusi. Wapiga picha wa Sikukuu ya Idi huchagua uso, wanaongeza mwanga, na kofia inageuka doa jeupe lisilo na kitu. Kofia hiyo imeshonwa kwa mkono, tundu moja moja dogo likizungushiwa uzi, kazi ya wiki au miezi. Mwenyewe aliichagua kwa ajili ya nakshi hiyo. Picha isiyoonyesha vito vyake ingeweza kumvisha kitambaa chochote. Dawa ni ileile: mtoe juani, mpeleke barazani au kwenye mlango mkubwa, mwelekeze uso kwenye uwazi, na boksi jeupe liwe upande wa giza. Dakika tano tu, wala hakuna betri.

Nani mwenye haki?

Niliombwa nisikilize pande zote, nimezisikiliza. Kwa anayeanza kazi hii leo, boksi jeupe kabla ya flashi, na flashi kabla ya lenzi mpya. Anayejua kuutia mwanga chini ya ukingo kwa boksi, siku akipata flashi atajua pa kuiweka. Aliyeanza na flashi bila kujua jua liko wapi ataishia kuwasha nguvu zote. Na kambi ya tatu, ile ya nitakurekebisha, sina neno zuri kwake. Anayeitumia kuokoa picha moja iliyoponyoka, sawa. Anayeifanya ndiyo mpango wa kazi anamuuzia mteja mbuzi kwenye gunia.

Wewe msomaji unayejiandaa na kofia yako kwa wikiendi hii, panga kufika kabla ya saa kumi na moja jioni, na umuulize mpiga picha wako amebeba nini cha kurudisha mwanga usoni. Akipiga picha ya kwanza, omba uione palepale, kabla haijaguswa na kompyuta, na uikuze mpaka macho yajae kioo. Macho yakionekana, endeleeni. Yasipoonekana, mwambie ageuze mgongo wako kwenye jua na alete kitu cheupe. Akikataa, salio la malipo yake libaki mfukoni mwako.